Picha ya mabaki: jinsi ya kuanza kubuni kwa mkono wako ukiwa Kigoma

Jumamosi jioni, jua likishapunguza makali, tunatandika mikeka uani kwangu hapa Ujiji, chini ya mwembe. Huwa tuko watu sita au saba, wengine wana watoto mgongoni. Anayekuja kwa mara ya kwanza namjua hata kabla hajasema. Ataamkia, atakaa pembeni, na kabla hajagusa chochote atasema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora." Watu wazima wanasema hivyo, na vijana waliomaliza kidato cha nne wanasema hivyohivyo. Watoto wa miaka mitano hawasemi. Wao wanaomba gundi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya huyo aliyekaa pembeni. Tunachotengeneza ni picha za vifaa mchanganyiko: kipande cha kitenge, mchanga wa ziwani, karatasi, uzi, magamba ya samaki na rangi kidogo, vyote juu ya ubao mmoja. Nimeichagua kazi hii kwa makusudi. Karatasi nyeupe na penseli vinamdai mtu mstari sahihi tangu dakika ya kwanza, na mwoga hukwama hapohapo. Kitenge hakimdai mtu hivyo. Kina rangi yake, kina ua lake, kimeshakamilika. Wewe unachagua tu kikae wapi, na kuchagua unakujua. Unachagua nyanya soko la Mwanga, unajua kitenge kipi kiende na blauzi ipi. Kujiamini kwako kutaanzia kwenye hicho unachokijua tayari.

Hatua ya 1: Kusanya kwa wiki nzima, usinunue kitu

Chukua mfuko mmoja, tembea nao siku saba. Fundi cherehani yeyote ana rundo la mabaki chini ya meza yake. Mwombe kwa heshima, atakupa na atashukuru umemfagilia. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga kuna vipande vya nyavu zilizochoka, kamba, na mbao za mitumbwi zenye rangi iliyobanduka tabaka kwa tabaka. Nyumbani kuna masizi ya sufuria, majani ya chai yaliyotumika, daftari za zamani za watoto, gunia la katani, maganda ya mise (kokwa za michikichi) yaliyobaki baada ya kupasuliwa. Kwa wauza samaki omba magamba makubwa, kama ya sangala.

Sharti ni moja: okota kile tu kilichosimamisha jicho lako. Usijiulize kitatumika wapi. Mtu akiweka mfuko wake mezani mwisho wa wiki, mara nyingi anashtuka kuona ameokota vitu vya rangi mbili tu, au vyote vina matundu, au vyote vina nyuzi zinazoning'inia. Huo ni ubunifu wake umeshaanza kusema, naye hajabandika kitu bado.

Kisha safisha, na hapa usifanye haraka. Kitenge kipya kina dondo; kifue, kikauke, kipige pasi, la sivyo gundi itashika dondo badala ya kitambaa. Mchanga uoshe mara tatu mpaka maji yatoke maangavu, uanike, uuchekeche. Majani ya miti yabane katikati ya daftari kwa wiki mbili, kwani jani bichi likifunikwa na gundi huoza ndani kwa ndani na kuacha doa jeusi. Ganda la mise lina mafuta, na chenye mafuta hakishiki gundi; lichemshe kwa maji na sabuni ya unga, lisuuze, lianike siku mbili. Kitu chochote kilichoguswa na mawese kifanyie hivyohivyo.

Magamba yana kazi zaidi, lakini yanalipa. Yaoshe kwa sabuni, yaloweke usiku mmoja kwenye maji yenye limau, yasuuze, kisha yaanike kivulini juu ya kitambaa, kwa kuwa jua kali huyakunja. Yakikauka hayanuki tena, na ukilinyanyua gamba moja kuelekea mwanga unaona mistari myembamba ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Ukitaka rangi ya kahawia, yatie kwenye chai ya rangi nzito iliyopoa kwa saa chache.

Hatua ya 2: Pika gundi

Unahitaji gundi mbili. Ya kwanza unapika mwenyewe kwa unga wa muhogo, ambao Kigoma haukosekani jikoni. Vijiko vitatu vikubwa vya unga, robo kikombe cha maji baridi, koroga pasiwe na madonge. Mimina polepole kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga mfululizo. Ikianza kuwa kama kioo chenye ukungu na kuvutika kwenye mwiko, ipua. Chuja kwa kipande cha khanga kuukuu. Hutumika ikiwa imepoa, na inakaa siku mbili, ikizidi tatu imechacha. Hii ni ya karatasi na vitambaa vyepesi.

Ya pili ni gundi nyeupe ya maseremala. Nunua kopo dogo tu. Hiyo ni ya mchanga, magamba, mise, mbao na kila kilicho kizito.

Mende wanapenda gundi ya muhogo. Kijiko kidogo cha shabu iliyosagwa, ukiitia wakati wa kupika, husaidia, lakini kinachowazuia hasa ni ile tabaka ya juu nitakayoieleza mwishoni. Kopo lenye shabu liwekee alama na uliweke mbali na watoto, wasije wakadhani ni uji.

Hatua ya 3: Andaa ubao

Kipande cha hadibodi au silingi bodi cha sentimita 30 kwa 40 kinatosha. Mafundi wa nyumba huwa na mabaki. Usione haya kuanza na mabaki ya ujenzi: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za dukani, naye hakuwa amesomea sanaa popote. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Ukikosa hadibodi, tumia boksi. Kata vipande vitatu vya ukubwa mmoja, vibandike vikiwa vimepishana, mistari ya ndani ya kimoja ikienda wima na ya kingine ikilala. Halafu bandika karatasi pande zote mbili, mbele na nyuma. Hili nililijifunza kwa hasara. Picha yangu ya kwanza kubwa niliibandika karatasi upande wa mbele peke yake, nikaianika, asubuhi nikaikuta imejikunja kama kigae na nusu ya mchanga uko sakafuni. Karatasi ikilowa hutanuka, ikikauka husinyaa na kuvuta. Pande zote mbili zikivuta sawa, ubao unabaki umenyooka. Ulaze chini ya ndoo ya unga usiku kucha. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, upe siku mbili.

Hatua ya 4: Viraka kumi

Watu wengi hutaka kuruka hapa waende moja kwa moja kwenye picha kubwa. Nakuomba usiruke, maana hapa ndipo woga unapomtoka mtu.

Kata viraka kumi vya boksi, sentimita 10 kwa 10. Kila siku tengeneza kimoja au viwili, kila kimoja kwa nusu saa tu. Kila kiraka kiwe na vifaa vitatu, visizidi. Na kisifanane na kitu chochote duniani: usitengeneze nyumba wala ua wala mtu. Unaweka kitu laini karibu na kitu kinachokwaruza, cheusi karibu na chekundu, unaangalia vinafanyana nini. Kwa kuwa hakifanani na kitu, hakuna atakayesema umekikosea.

Jirani yangu mmoja, kijana anayeendesha bodaboda, alitengeneza cha kwanza akakificha chini ya mkeka. Nikamwambia sharti la pili: hakitupwi kiraka mpaka vyote kumi vimekamilika. Kwenye cha tano alianza kurarua karatasi badala ya kuikata kwa mkasi, ukingo ukatoka na ule unyoya mweupe. Cha sita akarudia. Cha saba akaurarua vizuri zaidi. Hakuna aliyemfundisha. Tulipovipanga vyote kumi kwenye mkeka, kile cha kwanza alichokificha na kile cha tisa, mwenyewe akaona alikotoka. Alikaa akiviangalia muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kwenda navyo nyumbani.

Ukimaliza vyako, vipange kwa mstari, chagua viwili. Kwa kila kimoja, weka kidole pale hasa panapokupendeza na useme kwa sauti kwa nini. "Hapa, uzi unapoingia chini ya mchanga." Usiseme tu kwamba ni kizuri. Anayeweza kuweka kidole na kusema "hapa" anaweza kuparudia, na kujiamini kwake kutakuwa na pa kushika.

Hatua ya 5: Chagua jambo lako

Kuna mama anayeuza dagaa, anakuja kwetu tangu mwaka jana. Alitaka kutengeneza sokwe, kwa sababu wageni wanaokwenda Gombe hununua picha za sokwe. Alikuwa na picha kwenye simu, akaiweka mbele yake, akajaribu Jumamosi tatu. Kila mara uso ulimtoka vibaya, akaubandua. Ya tatu alinyamaza kabisa.

Nilimuuliza, "Mama, ukiamka asubuhi, kitu cha kwanza unachokiona ni nini?"

"Naona dagaa niliowaanika jana. Natazama kama mvua imewagusa."

"Basi tutengenezee hao."

Alipaka gundi nyeupe ubao mzima, akamwaga mchanga wa Katonga, akaukung'uta. Kwa dagaa alichukua zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, akazikata vipande vyembamba, urefu wa nusu kidole. Alianza kuvipanga kimoja kimoja, vimelala kwa mstari kama askari. Akasimama, akatikisa kichwa, akasema, "Dagaa hawalali hivi." Akavikusanya vyote kwenye ngumi, akanyanyuka, akavirusha juu ya ubao kwa kifundo cha mkono, mrusho uleule anaotumia kila siku akianika. Vikatua jinsi dagaa wanavyotua, vingine vimepandana, vingine vimeachana, pembeni vimekuwa haba. Akaongeza tone la gundi chini ya kila kimoja pale kilipoangukia, bila kukisogeza. Mwisho akashona ukingoni utepe wa kitenge cha marehemu mama yake, kile walichokuwa wakijifunga kiunoni wakiwa kazini.

Nimeona picha nyingi za Ziwa Tanganyika. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka, kwa sababu mkono wake ulikuwa na miaka ishirini ya mazoezi ambayo mtu mwingine hana. Kwa hiyo usianze na sokwe, wala meli ya Liemba, wala mnara wa Livingstone, eti kwa kuwa ndivyo Kigoma inavyojulikana navyo nje. Anza na kile ambacho mkono wako unakifanya kila siku. Kama unasuka nywele, una mistari. Kama unafyatua tofali, una udongo na pembe. Kama unauza mkaa, hakuna anayekushinda kujua aina za weusi.

Hatua ya 6: Panga kabla ya kubandika

Weka vyote juu ya ubao bila gundi. Piga picha kwa simu, sogeza, piga tena, mara tano au sita, kisha lala. Asubuhi zitazame zikiwa ndogo kwenye kioo cha simu, kwani hapo makosa ya mpangilio yanaonekana upesi. Geuza ubao juu chini pia, uone kama kuna upande unaolemea.

Kosa kubwa la wengi ni kujaza. Kitenge kina sauti kubwa, na vitenge vitatu kwenye ubao mmoja ni kama redio tatu chumba kimoja. Chagua kimoja kiseme, vingine viwe vitulivu: gunia, mchanga, karatasi iliyopakwa chai, udongo mwekundu uliokorogwa na gundi. Acha na mahali patupu. Ukisita kuhusu kipande fulani, kiondoe, nenda kachote maji, urudi. Usipokikumbuka, hakikuwa na kazi.

Hatua ya 7: Bandika

Anza na vyepesi na vilivyo bapa, malizia na vizito. Karatasi kwanza, kisha kitambaa, kisha mchanga, kisha uzi, mwisho magamba na mise. Gundi ipake ubaoni na kwenye kipande pia, kandamiza kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kila tabaka ikauke kabla ya nyingine.

Kuna vitu gundi haivitaki. Kiroba cha plastiki hubanduka hata ukipake gundi ya aina gani, kishone. Toboa ubao kwa msumari mwembamba, pitisha sindano. Vizibo vya soda navyo toboa, vifunge kwa waya. El Anatsui, msanii wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, ameunganisha maelfu ya vizibo vya chupa kwa waya wa shaba mpaka vikawa kama mashuka makubwa yanayoning'inia ukutani. Kizibo kimoja hakina uzuri wowote wa ajabu. Hamsini vikifungwa karibukaribu vinameremeta.

Kuhusu rangi, kumbuka jambo moja: rangi ya mafuta unaweza kuipaka juu ya rangi ya maji iliyokauka, lakini rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta itabanduka. Na tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, itumie uani, kwenye upepo.

Ukiharibu, usibandue ikiwa bado imelowa. Subiri ikauke, kisha ama uifunike kwa kitu kingine, ama uirarue makusudi. Karatasi iliyoraruliwa huacha chini yake sura ambayo hungeweza kuipanga. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na katika kazi hii mara nyingi koleo likivunjika ndipo picha inapopata uhai. Picha zangu mbili ninazozipenda zaidi zina kovu katikati.

Hatua ya 8: Waonyeshe watu, lakini kwa utaratibu

Mtu wa kwanza kuiona kazi yako ana nguvu sana juu yako. Nimeshuhudia dada mmoja akiacha kabisa kwa sababu nyumbani walimwambia, "Sasa hii ni nini?" Hawakuwa na ubaya. Hawakujua tu waseme nini.

Kwa hiyo wape wao la kusema. Usiulize kama ni nzuri. Uliza, "Jicho lako limekwenda wapi kwanza?" Halafu, "Hapa pamekukumbusha nini?" Mtu yeyote anaweza kujibu hayo, hata bibi, hata mtoto, na majibu yatakufaa. Watu watatu wakikuambia jicho limekwenda kwenye kona ambayo hukuijali, umejifunza jambo kuhusu picha yako. Bei iache kwanza. Ukianza kutengeneza ukifikiria mnunuzi kabla hujafikisha kazi tano au sita, mkono utarudi kwenye sokwe wa kwenye simu.

Hatua ya 9: Malizia

Changanya gundi nyeupe na maji, sawa kwa sawa, paka picha nzima mara mbili, ukisubiri ikauke kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Itaonekana nyeupe, usiogope, ikikauka huwa angavu. Hii ndiyo inayozuia mende na vumbi la kiangazi. Mgongoni andika tarehe, vifaa ulivyotumia, na mahali ulipoviokota. Toboa matundu mawili, pitisha waya, itundike mbali na moshi wa jiko na mbali na dirisha la magharibi, kwa kuwa jua la jioni hupausha kitenge.

Na usiku huohuo, kabla hujalala, andaa ubao unaofuata. Bandika juu yake mabaki yaliyobaki mezani, yoyote, bila kuchagua, uulaze chini ya ndoo. Asubuhi utakaposhika kazi, hutaukuta mtupu.